Mzee wa Morogoro na Nyimbo Zake: Kisa cha Kuhama Kutoka Muziki wa Mtandaoni

Mhusika wa kisa hiki ni mstaafu wa reli anayeishi Morogoro. Hataki jina lake litajwe, kwa hiyo nitamwita Mzee, kama ninavyomwita tukiwa wawili. Mimi kazi yangu ni kuhamisha sauti za zamani, kanda za kaseti kwa sehemu kubwa na santuri mara mojamoja, kuziweka kwenye faili. Wateja wengi huja na kanda moja ya harusi au ya marehemu na kuondoka na flashi. Mzee alikuja na simu mkononi.

Kwa miaka minne alikuwa akisikiliza muziki wa dansi kwenye huduma ya mtandaoni ya kulipia kwa mwezi. Huduma yenyewe siitaji, maana yaliyomkuta yangeweza kumkuta popote. Binti yake wa Dar es Salaam ndiye aliyefungua akaunti na ndiye aliyekuwa akilipa. Mzee alijikusanyia humo orodha ya nyimbo mia kadhaa, akazipakua zote kwenye simu ili asile bando, akawa anasikiliza barazani kila jioni. Halafu kadi ya binti ikaisha muda wake. Ujumbe wa kukumbusha malipo ukawa unaingia kwenye barua pepe ambayo hakuna mtu anayeifungua. Siku moja nyimbo zote zikafungwa. Majina yapo, picha zipo, ukigusa hakilii kitu.

Binti alipolipa, nyingi zilirudi. Baadhi hazikurudi, zimebaki na rangi ya kijivu hadi leo.

"Mwanangu, hizi nyimbo si nilizipakua?" akaniuliza. "Kilichopakuliwa kinaondokaje?"

Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloamua mambo mengine yote. Kupakua ndani ya programu ya huduma kama hizi si kupewa faili. Simu hupewa nakala iliyofungwa kwa ufunguo ambao unabaki kwa mwenye huduma, na ufunguo huo unahitaji kuhuishwa. Kwenye Spotify, kwa mfano, masharti yanasema simu lazima ionekane mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zilizopakuliwa zinaacha kulia. Malipo yakikatika, hali ni hiyo hiyo. Mzee alikuwa amepanga nyumba ya muziki miaka minne huku akidhani anajenga. Kosa si lake peke yake. Kitufe kinaandikwa "pakua", na kwa mtu aliyezoea kuingiziwa nyimbo kwenye memori kadi na vijana wa vibandani, kupakua maana yake ni moja tu.

Zile za kijivu zina sababu nyingine. Wimbo haufiki kwenye huduma kwa mkono wa bendi. Kuna anayedai kumiliki rekodi, kuna msambazaji wa kidijitali anayeipeleka, kuna mkataba wa nchi zipi zinaruhusiwa kuisikia, na kiungo kimoja kikikatika wimbo unaondoka bila mtu kuaga. Wakubwa huondoa kazi zao kwa ubishi wa wazi: Neil Young, mwimbaji wa roki, aliondoa nyimbo zake Spotify Januari 2022. De La Soul, kundi la rap la Marekani, albamu zake za kwanza hazikuwepo kabisa kwenye huduma hizo mpaka Machi 2023, kwa sababu ya migogoro ya haki. Kwa dansi letu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi hata huyo anayedai kumiliki rekodi hajulikani vizuri. Mtu ana kanda, anaipandisha kupitia msambazaji, miaka miwili baadaye familia ya mwanamuziki au kampuni ya zamani inalalamika, na wimbo unashushwa. Au aliyeupandisha ameacha tu kulipa ada ya msambazaji.

Kwa hiyo Mzee alitaka nini hasa? Nilimuuliza hivyo kwa sababu watu wengi wanaotaka kuhama wana hasira na bei. Kama ni bei, nawaambia wakae walipo. Mwaka wa kwanza wa kujenga maktaba yako mwenyewe unakula fedha kuliko ada ya mwezi, na saa zinazoingia humo huwezi hata kuzihesabu. Bando kweli linapungua: wimbo wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula takriban megabaiti 72 kwa saa, kwa hiyo mtu anayesikiliza saa nne kwa siku bila kupakua anamaliza zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi. Lakini Mzee alikuwa tayari anapakua, hivyo hata hilo halikumhusu. Na kama ni ubora wa sauti, spika yake ni sabufa ya sebuleni. Tusidanganyane.

Alichotaka ni kwamba nyimbo fulani zisiondoke. Fulani, si zote.

Daftari

Sikumruhusu anunue chochote kwanza. Nilimwomba aandike kwenye daftari nyimbo ambazo zikipotea ataumia, na nyingine aziache huko huko. Nilitarajia orodha ya majina. Alirudi na kaunta buku ambalo kila ukurasa una mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula: wimbo, bendi, mtindo, mwimbaji, mwitikiaji, mpiga solo, na safu ya mwisho ameandika "nilipousikia mara ya kwanza". Chini ya wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe ameandika jina la ukumbi na kwamba mvua ilinyesha.

Hapo nikajua kwamba sehemu yenye thamani ya maktaba hii haiko kwenye huduma yoyote. Nilifungua ile akaunti yake nikaangalia nyimbo zile zile zimeandikwaje. Mwimbaji mmoja yupo kwa tahajia tatu, kama watu watatu. Nyimbo za bendi nne zimerundikwa kwenye albamu moja isiyo na mwaka. Kwenye aina ya muziki wameandika kitu kama muziki wa dunia. Mtunzi hayupo kabisa. Wimbo mmoja upo mara mbili, na toleo moja liko juu kwa karibu nusu ya nusu-noti, maana aliyelihamisha alikuwa na deki inayokimbia. Deki ikizidisha kasi kwa asilimia 3 tu, sauti hupanda kiasi hicho, na sauti ya mtu mzima inaanza kufanana na ya kijana.

Daftari likagawanyika mafungu matatu. La kwanza ni nyimbo zinazoweza kununuliwa kama faili au CD. La pili ni zile ambazo Mzee anazo kwenye kanda zake mwenyewe, na kanda zilikuwa zimejaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, hazijaguswa tangu redio kaseti ilipokufa. La tatu ni zile zilizoko kwenye huduma tu.

Fungu la kwanza lilikuwa dogo na jepesi, tulimaliza haraka. Zipo kampuni za nje zilizotoa upya muziki wetu kwa uangalifu, zikiwemo Buda Musique ya Ufaransa, na CD ukiinunua ni yako. Bandcamp nayo inauza faili zisizo na kufuli, unachagua mwenyewe MP3 au FLAC, na inabaki na asilimia 15 tu ya bei ya nyimbo, nyingine, ukitoa ada ya kupitisha malipo, inakwenda kwa anayeuza. Binti ndiye aliyelipa, kwa kadi mpya. CD nilizikopi kwa programu ya Exact Audio Copy, inayosoma sehemu ya diski tena na tena pale inapotilia shaka, nikazihifadhi kwa FLAC. Hiyo ni njia ya kubana sauti isiyotupa chochote: CD hubeba karibu megabaiti 10 kwa dakika, FLAC inapunguza hadi nusu au zaidi kidogo, na ukifungua unapata kile kile kilichokuwa kwenye diski.

Sanduku la bati

Kuna jambo la kihistoria ambalo anayehama kutoka mtandaoni huko Ulaya halimhusu, lakini hapa ndilo kila kitu. Miaka ya 60 hadi ya 80 bendi za Tanzania zilirekodi kwa wingi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Zilipigwa redioni, dukani hazikufika. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi, kwenye kampuni zenye mitambo, na si kila wimbo ulipata safari hiyo. Msikilizaji wa kawaida aliyetaka wimbo ubaki kwake alikaa mbele ya redio kaseti, vidole kwenye vitufe viwili, akingoja mtangazaji amalize kusema. Kwa hiyo kwa nyimbo nyingi nakala iliyoko mitaani ni hiyo: kanda iliyorekodiwa kutoka redioni na mtu kama Mzee.

Kanda zake nyingi ni za dakika 60 na 90, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi iliyofutika. Kanda ya kaseti, tangu Philips ilipoitoa mwaka 1963, hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, na utepe wake una upana usiofika milimita nne. Ni nafasi ndogo mno kwa sauti, na kila uchafu unasikika. Nilianza na deki yangu, si kanda zake: mkanda wa mpira mpya, kichwa cha kusomea kimesafishwa kwa spiriti, gurudumu la mpira limefutwa hadi pamba ikatoka nyeupe.

Kisha kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Mafundi wengi hawaigusi, wakiogopa kuharibu, na ndiyo inayotenganisha kanda iliyohamishwa vizuri na iliyohamishwa hivi hivi. Redio kaseti ya Mzee ilikuwa na kichwa kilichoinama kidogo, kwa hiyo kila alichorekodi kimeinama vile vile. Ukikisoma kwa kichwa kilichonyooka, sauti za juu zinafifia: tumba inakuwa kama inapigwa chumba cha pili, solo linapoteza ncha. Unaweka bisibisi kwenye skrubu, unasikiliza kwa hedifoni, unazungusha polepole sana. Kuna mahali sauti inafunguka ghafla, sauti ya tumba inatoka mbele na unasikia vidole vya mpiga besi. Unaacha hapo. Kanda zilizorekodiwa na redio nyingine, skrubu inahitaji mahali pengine. Mzee alikuwa amekaa pembeni yangu nilipofanya kanda ya kwanza, na pale ilipofungukia alitaja jina la mpiga solo kabla mwimbaji hajaanza.

Kasi tuliipata kwa njia ambayo sikuwa nimeitumia kabla. Kanda moja ilikuwa imenasa milio ya saa ya redio kabla ya taarifa ya habari, na milio hiyo hupishana kwa sekunde moja. Nilipima nafasi kati yao kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikaona ni fupi kuliko sekunde, nikapunguza kasi ya deki mpaka ikatimia. Kanda zote zilizotoka kwenye redio ile ile nikazifanyia hivyo hivyo.

Nilirekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, kilele cha sauti kikiwa chini kidogo ili kisipasuke. Kanda ya dakika 90 inatoa kama gigabaiti moja na nusu kabla ya kubanwa. Na inachukua dakika 90. Hakuna njia ya mkato. CD unaikopi dakika chache, kanda unaisikiliza yote, na anayekuambia anahamisha kanda kwa kasi maradufu mwombe akusikilizishe kwanza.

Kuondoa mvumo wa kanda nilijizuia. Programu zina kitufe cha kusafisha, na ukikibonyeza mara moja unafurahi. Ukisikiliza baadaye unagundua mlio wa hai-hati, zile sahani za mpiga dramu, umekwenda na mvumo, na upepo, zile tarumbeta na saksafoni, umekuwa kama umefunikwa na blanketi. Muziki huu umekaa na mvumo miaka arobaini. Nilitoa tu mlio wa umeme uliokuwa chini ya baadhi ya kanda, basi.

Ubishi wetu wa kweli ulikuwa juu ya mtangazaji. Kwenye kanda nyingi sauti yake inaingia wimbo haujaisha, mara nyingi katikati ya chemko, pale ambapo mpiga solo ndiyo kwanza amepata moto. Anasoma salamu: kutoka kwa fulani wa Kilosa, ziwafikie fulani na fulani, ujumbe wake usemao hivi na vile. Mimi nilitaka kukata. Niliona ni uchafu juu ya muziki. Mzee akasema hapana, akiwa mkali kidogo: "Huyo ndiye aliyenipigia huu wimbo." Tukakubaliana kuhifadhi kanda nzima nzima, upande wa kwanza na wa pili, kama zilivyo, na kutoka humo kutengeneza nyimbo moja moja ambapo mtangazaji anaachwa kama yuko juu ya muziki na anakatwa kama yuko peke yake. Sasa naona alikuwa sahihi kuliko mimi. Kwenye kanda mbili tulipata mwaka wa rekodi kwa sababu ya salamu tu. Mmoja wa watumaji alikuwa anapongeza timu kwa ubingwa.

Kanda tatu hazikuokoka. Moja ilikuwa imeota ukungu, nyingine imerekodiwa juu yake mahubiri, ya mwisho ilikuwa imekatika zamani na kuungwa kwa selotepu ya kawaida, na gundi yake imesambaa ikanatisha mizunguko kadhaa ya utepe. Atakayekatikiwa na kanda asiiunge kwa selotepu. Afadhali aiache imekatika.

Kuitwa nani

Watu wakisikia maktaba ya muziki wanafikiria diski. Kazi iko kwenye majina. Kila faili ina nafasi ndani yake za kuandika msanii, albamu, mwaka, mtunzi, na programu ya kuchezea hutegemea hizo. Kwa CD zilizonunuliwa, MusicBrainz Picard ilitambua nyingi kwa alama ya sauti yenyewe ikajaza. Kwa nyimbo za redioni haikutambua karibu chochote, na sikutegemea itambue.

Chukua bendi moja. NUTA Jazz ilianza 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma. Ukiziandika kwa majina manne, programu inazitawanya sehemu nne na mjukuu hatajua ni kitu kimoja. Ukiziandika zote Msondo Ngoma, unakuwa umewaita watu jina ambalo hawakulijua siku ile studio. Halafu waimbaji nao hawatulii. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki 2014, alitoka huko akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akapita Safari Sound, akarudi alikotoka. Anayemtafuta Gurumo anatafuta bendi tatu.

Tulifanya hivi: msanii ni jina la bendi kama mtangazaji alivyolisema siku hiyo; nafasi ya kundi inabeba jina moja linalounganisha enzi zote; mwimbaji na mpiga solo wanaandikwa kila mmoja kwenye nafasi yake. Na kwenye aina ya muziki, badala ya ule muziki wa dunia, Mzee aliamuru tuandike mtindo wa kila bendi: Msondo kwa NUTA na warithi wake, Sikinde kwa Mlimani Park, Saboso kwa Western Jazz, Ndekule kwa Safari Sound. Ni uamuzi mdogo ambao umebadilisha namna anavyosikiliza. Anaiambia programu imchanganyie Sikinde tupu, na huduma ile ya kulipia, pamoja na akili zake zote za kupendekeza, haikuwahi kuweza hilo.

Albamu ilibaki kitendawili, kwa sababu nyimbo za redioni hazikuwa na albamu. Tuliandika namba ya kanda na upande. Kanda 14, upande B. Mzee anazikumbuka hivyo hivyo.

Sabufa, flashi na umeme

Kijana wa binti alipendekeza tuweke seva nyumbani, kompyuta ya kurusha nyimbo kwa programu kama Navidrome au Jellyfin, ili babu asikilize kwa simu akiwa popote. Ni wazo zuri kwa mwenye umeme usiokatika na intaneti ya waya. Mzee hana vyote viwili na hatoki sana. Tuliliacha.

Maktaba mama iko kwenye diski ya nje ya terabaiti moja, FLAC, kwenye folda za bendi, ndani yake kanda au CD. Nafasi iliyotumika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Albamu ya CD kwa FLAC inakula kama megabaiti 300, hivyo diski hiyo ingebeba albamu elfu tatu, na Mzee hana hata robo ya hizo. Diski haikai imechomekwa. Umeme wa kwetu ukirudi hurudi na hasira. Nakala ya pili iko kwenye kompyuta yangu, ya tatu iko Dar kwa binti, na kila akija sikukuu anakuja nayo tunaihuisha. Ile ya Dar ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mwizi au moto hauchagui diski moja chumbani.

Kwa kusikiliza tumetengeneza nakala za MP3 za kilobiti 320, kama megabaiti 24 kwa wimbo wa dakika kumi, na nyimbo za dansi za redioni ndizo ndefu hivyo. Moja ya nakala hizo ipo kwenye memori kadi ya simu, inachezwa kwa programu ya VLC. Nyingine ipo kwenye flashi ya sabufa, na hapa pana mambo ambayo hayaandikwi kwenye maboksi. Sabufa nyingi za bei ya kawaida hazisomi FLAC. Hazisomi flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa exFAT, zinataka FAT32. Na hazipangi nyimbo kwa alfabeti. Zinazipiga kwa mpangilio zilivyoingia kwenye flashi. Mzee alipata kanda zake zimechanganyika akadhani nimeharibu. Dawa ni kuanza majina ya faili kwa namba na kuzinakili kwa mfuatano, folda moja baada ya nyingine, siyo kuzikokota zote kwa mkupuo.

Flashi yenyewe iliyonunuliwa sokoni iliandikwa gigabaiti 128. Niliijaza kwa programu ya H2testw, ambayo huandika data hadi mwisho kisha kuisoma tena, ikaonekana uwezo wake wa kweli haufiki hata robo. Flashi za namna hiyo zinapokea kila kitu bila kulalamika na kurudisha nyimbo zilizojaa kelele. Pima kabla ya kuamini.

Lililobaki mtandaoni

Fungu la tatu, zile nyimbo zilizoko kwenye huduma tu, hatukulifanyia kitu. Zipo programu za kunasa muziki kutoka kwenye huduma hizo, na kijana alizitaja. Zinakwenda kinyume cha masharti aliyoyakubali mwenye akaunti, na mimi kazi hiyo siifanyi kwa mteja yeyote. Mzee alishangaa kidogo, akaniuliza kuna tofauti gani na yeye kurekodi redio mwaka 1980. Kisheria tunaweza kubishana hadi asubuhi. Nilimwambia tofauti moja tu ninayoiona mimi: wakati ule wimbo haukuuzwa mahali popote, na sasa anayeuweka mtandaoni angalau anadai anaulipia mtu.

Akaunti haikufungwa. Nilishauri wabaki nayo kwa mpango wa bure wenye matangazo. Binti aliamua kuendelea kulipia kwa sababu ya wajukuu, na sioni ubaya. Singeli na bongo fleva mpya za wiki hii hazihitaji diski. Mzee mwenyewe huingia huko kuwinda: akisikia wimbo asioujua huandika kwenye daftari, kisha anautafuta kwa wenzake wenye kanda. Huduma imekuwa redio yake, mahali pa kusikia kwanza. Kuweka anaweka kwingine.

Kilichomsumbua zaidi kilikuja kutoka upande ambao sisi sote hatukuutazama. Habari zilisambaa mtaani kwamba ana dansi lote la zamani, limesafishwa, na kijana wa kibanda cha kurusha nyimbo akaja na flashi na bei mkononi. Mzee alikataa. Faili ni zake, kanda ni zake, lakini nyimbo ni za watu, na wengine watoto wao wanaishi Morogoro hapa hapa. Mjane wa mmoja wa wapigaji husali naye. Huyo alipewa nakala bure ya kila wimbo ambao mumewe amepiga, pamoja na ukurasa wa daftari uliotolewa fotokopi. Wengine wote wanakaribishwa barazani wasikilize.

Mjane alileta marekebisho. Kwenye nyimbo mbili za Kanda 9 mpiga solo si yule aliyeandikwa, ni mumewe. Mzee anasema anaijua mikono ile na haafiki. Nimeweka majina yote mawili kwenye faili mpaka watakapokubaliana, na kuna mzee mwingine wa Kihonda, aliyekuwa akibeba vyombo vya bendi, ambaye wamekubaliana aamue Jumapili ijayo.